Nauli, Kodi au Ushuru? Swali la Haki Katika Malipo ya Michezo ya Mbali

Swali lilivyozuka

Yako maswali ambayo kwa sura ni ya mchezo, lakini ukiyapekua utakuta ndani yake mna jambo la haki. Moja la maswali hayo niliulizwa darasani katika makazi ya wakimbizi ya Dzaleka, wilayani Dowa, nchini Malawi. Siku hiyo tulikuwa tukijifunza maneno ya malipo: bei, ujira, nauli, kodi, ada, ushuru, kiingilio na mchango. Nilikuwa nimewataka wanafunzi watunge sentensi moja kwa kila neno. Kijana mmoja aliyekaa nyuma akasimama, akasema:

"Mwalimu, mimi nina malipo ambayo sijui niyaite nini. Mashine ya michezo ipo, imekwisha nunuliwa. Diski ya mchezo ipo, nayo imekwisha nunuliwa. Intaneti umeilipia. Lakini kampuni iliyoiuza mashine bado yataka fedha kila mwezi, ndipo ikuruhusu kucheza na mtu aliye mbali. Fedha hizo tuziite nauli, kodi, au ushuru?"

Darasa zima lilicheka, kwa kuwa walidhani anatania. Hakuwa akitania, na mimi nilishindwa kumjibu papo hapo. Nilimwahidi kwamba nitalifikiri jambo hilo. Makala haya ni matokeo ya kufikiri huko, na nayaleta mbele ya walimu wenzangu kwa sababu mbili. Kwanza, naamini kuwa swali la kijana yule ni swali la haki. Pili, naamini kuwa lugha yetu ina maneno ya kutosha ya kulipima, kwa maana kila neno tulilo nalo la malipo limebeba ndani yake mapatano fulani baina ya anayetoa na anayepokea.

Malipo yenyewe

Yamkini wako wasomaji ambao hawajapata kuishika mashine ya aina hii, basi yafaa nieleze kwa ufupi. Konsoli ni kompyuta iliyotengenezwa kwa ajili ya michezo. Aghalabu huunganishwa na televisheni, na mchezaji huiongoza kwa pedi yenye vitufe. Zinazojulikana zaidi ni PlayStation ya kampuni ya Sony, Xbox ya Microsoft, na Switch ya Nintendo. Watu wawili waweza kucheza wakiwa wamekaa bega kwa bega mbele ya televisheni moja, na hapo hakuna malipo ya ziada. Lakini kama mmoja yuko Lilongwe na mwingine yuko Mombasa, hawana budi kupitia intaneti, na hapo ndipo wanapoukuta mlango wa malipo.

Mlango huo haukuwako katika kila nyumba tangu mwanzo. Microsoft ilianzisha huduma yake ya kucheza kwa mbali mwezi wa Novemba 2002, kwa dola 49.99 kwa mwaka. Sony ilipotoa PlayStation 3 mwaka 2006, wachezaji wake walikutana kwa intaneti bila ya kulipa chochote. Mwaka 2010 Sony ilianzisha huduma ya kulipia iitwayo PlayStation Plus, lakini ilikuwa ya hiari. Ilipotoka PlayStation 4, Novemba 2013, hiari ile ikageuka sharti kwa michezo iliyo mingi. Nintendo nayo ilifuata Septemba 2018, kwa dola 19.99 kwa mwaka. Hivyo katika muda wa miaka kumi na sita, desturi ya kampuni moja ikawa sheria ya kampuni zote tatu. Kisha, Septemba 2023, Sony ilipandisha bei ya mwaka ya daraja la chini la huduma yake nchini Marekani, kutoka dola 59.99 hadi dola 79.99. Wahenga walisema kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu wa kwetu hakulitia maji; alipandisha bei ya kata.

Tuipime bei hiyo kwa kipimo cha Malawi. Mwaka 2025 kima cha chini cha mshahara nchini humo kilikuwa kwacha 126,000 kwa mwezi, na dola moja kwa bei rasmi ilikuwa zaidi ya kwacha 1,700. Basi dola 80 ni zaidi ya kwacha 136,000. Maana yake ni kwamba mfanyakazi wa kima cha chini angetoa mshahara wa mwezi mzima, na usingetosha. Mkimbizi aliyeko Dzaleka aghalabu hana hata mshahara huo.

Tena liko jambo jingine. Nchi nyingi za Afrika hazimo katika orodha ya nchi ambamo mtandao wa PlayStation umefunguliwa rasmi. Jambo hilo lilidhihirika Mei 2024, mchezo uitwao Helldivers 2 ulipoondolewa katika duka la wachezaji wa kompyuta kwenye nchi na maeneo yapatayo 177, kwa sababu Sony ilitaka kila mchezaji ajiandikishe katika mtandao wake, na mtandao wenyewe haukuwa umefunguliwa huko. Mchezaji wa nchi kama hizo hujiandikisha kana kwamba anakaa Afrika Kusini, Uingereza au Marekani. Hulipa katika nyumba ambayo daftari lake halimjui.

Kibanda cha Dzaleka

Dzaleka iko zaidi ya kilomita 40 kaskazini ya Lilongwe. Zamani palikuwa na gereza la wafungwa wa kisiasa, enzi za utawala wa Kamuzu Banda. Mwaka 1994 pakafanywa makazi ya wakimbizi, yaliyokusudiwa watu wapatao 10,000. Leo wamo zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Sokoni na katika nyumba za ibada, Kiswahili ndicho kinachowakutanisha watu ambao nyumbani kwao kila mmoja ana lugha yake.

Karibu na soko kipo kibanda cha michezo. Mwenyewe alikuwa akifanya biashara hiyo Lilongwe, katika mtaa mmoja wa mjini, mpaka mwaka 2023, serikali ilipotekeleza agizo lake la kuwataka wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warejee kambini. Alirejea na televisheni mbili, konsoli mbili kuukuu, na mabenchi aliyoyafunga juu ya gari pamoja na magodoro. Sasa vijana hucheza mpira kwake kwa fedha ambayo haifiki bei ya mandazi mawili kwa mechi moja.

Nimekaa katika kibanda hicho mara kadhaa, nikaona kuwa kina sheria zake zisizoandikwa popote. Anayefungwa huinuka, mshindi hubaki. Umeme ukikatika kabla ya mapumziko, mechi hurudiwa bila malipo. Ukikatika katika kipindi cha pili, matokeo huhesabiwa kama yalivyo. Pedi ikiwa na kitufe kibovu, mwenye kibanda hulazimika kutoa nyingine, au kurudisha fedha. Nilimwuliza kwa nini anakubali hasara ya umeme ilhali si yeye anayeukata. Alinijibu: "Mwalimu, mimi nauza dakika. Mtu akinilipa dakika, nami nisimpe, nimemdhulumu, hata kama kosa si langu."

Naomba msomaji aliweke jibu hilo akilini, maana tutalirudia.

Kijana aliyeniuliza swali ni mteja wa kibanda hicho. Alikuwa akija na kaka yake, ambaye yeye humwita yaya, kama wasemavyo watu wengi wa mashariki ya Kongo kwa ndugu mkubwa, ingawa sisi wengine tukilisikia neno hilo humfikiria mlezi wa mtoto. Kaka huyo alihamishiwa Marekani mwaka 2024 pamoja na mkewe. Mama na mdogo wake walikuwa nyuma yake katika foleni ile ile. Januari 2025 Marekani ikasimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na foleni ikasimama pamoja nao.

Kaka alipopata kazi huko aliko, kitu cha kwanza alichojinunulia baada ya kulipa madeni kilikuwa konsoli. Alitaka acheze na mdogo wake. Nilimwuliza kijana kama simu haitoshi. Akasema: "Kwenye simu yaya huniuliza kama mama amepata dawa, na kama kuna habari ya makaratasi. Kwenye mpira hunichokoza." Sikuona haja ya kumwuliza zaidi.

Kuyapima maneno

Sasa tuyachukue maneno yetu moja moja, tuone ni lipi linalolingana na malipo haya.

Nauli ni malipo ya kuchukuliwa kutoka mahali hadi mahali. Anayeipokea ana wajibu mmoja ulio wazi, nao ni kumfikisha abiria. Je, kampuni ya konsoli humchukua nani? Mchezo wa mbali husafiri juu ya intaneti, na intaneti mchezaji ameilipia kwa kampuni ya simu aliponunua bando. Hiyo ndiyo nauli ya kweli. Ni kweli kwamba kampuni ya konsoli ina seva zake, ambazo huwatambua wachezaji, huwakutanisha, na kutunza majina yao na matokeo yao. Lakini katika michezo mingi, seva zinazouendesha mchezo wenyewe ni za mtengenezaji wa mchezo, wala si za aliyetengeneza konsoli. Katika michezo mingine, mashine ya mmoja wa wachezaji ndiyo inayobeba wenzake wote. Basi tukiita malipo haya nauli, ni nauli ya kituo kimoja inayotozwa kwa safari nzima.

Kodi ya nyumba hulipwa na mpangaji kwa kutumia kitu kisicho chake, na mwenye nyumba huwajibika kulitunza paa. Kampuni zaweza kusema: wewe umenunua nyumba, lakini uwanja ulio nje ni wetu. Hoja hiyo ina nguvu kiasi, kwa kuwa mtandao ni wao kweli. Hata hivyo, mnunuzi hakuambiwa dukani kwamba ananunua nyumba isiyo na njia ya kutokea. Michezo mingine haina maana kabisa bila ya mwenzi wa mbali, na juu ya ganda lake bei huandikwa kama ya kitu kilichokamilika. Habari ya malipo ya kila mwezi huandikwa kwa herufi za kutafutwa.

Kiingilio hulipwa mlangoni ili kutazama tamasha au mpira. Mpokeaji naye ana wajibu wa kuleta wachezaji na wasanii, na kuwapa ujira wao. Hapa ndipo nilipoona kiini cha jambo. Katika mchezo wa mbali, tamasha ni nani? Ni wachezaji wenyewe. Kijana hulipa ili acheze na kaka yake, na kaka hulipa ili acheze na kijana. Kila mmoja ni mtazamaji aliyelipa, na wakati huo huo ni mchezaji ambaye hakulipwa.

Tufikirie bao, mchezo ambao Wamalawi huuita bawo, na ambao hukusanya wazee barazani kuanzia Lamu hadi Kilwa. Seremala anayechonga bao hustahili bei yake. Anayekodisha baraza lake, akaliwekea taa na mikeka, hustahili kodi yake. Lakini tuseme seremala yule arudi kila Ijumaa na kudai fedha kwa wazee wawili, kwa sababu ati wanacheza wao kwa wao badala ya kila mtu kucheza peke yake. Wangemwuliza: "Umeleta kete mpya? Umeziba ufa?" Kama hakuleta kitu wala hakuziba kitu, basi anachowauzia ni uso wa mwenzao, nao haukuwa mali yake.

Ada na mchango ni maneno yenye udugu. Mtu hulipa ada ya chama, akawa mwanachama. Hutoa mchango, akapata neno la kusema. Chama chetu hiki cha walimu hakiwezi kupandisha ada bila ya mkutano. Wachezaji wa konsoli hawana mkutano. Januari 2021 Microsoft ilitangaza kupandisha bei ya huduma yake, kiasi kwamba gharama ya mwaka kwa wengi ingekuwa mara mbili. Wachezaji walipiga kelele, na siku ile ile kampuni ikalifuta tangazo, ikaahidi pia kwamba michezo inayotolewa bure haitahitaji tena malipo ili kuchezwa kwa mbali. Ahadi hiyo ilitimizwa mwaka huo huo. Wengine watasema huo ni ushahidi kwamba wachezaji husikilizwa. Mimi naona walisikilizwa kama watu wapigao kelele nje ya mlango, si kama wanachama waliokaa ndani. Tena tukio lile lilionyesha kuwa malipo yaweza kuondolewa kwa siku moja, bila ya seva hata moja kuzimika.

Limebaki neno ushuru. Ushuru hutozwa na mwenye kushika lango, kwa sababu ameshika lango. Huenda akautumia kutengeneza barabara, huenda asiutumie. Mpitaji hana la kuuliza. Ushahidi ulio mkubwa kwamba malipo haya yana tabia ya ushuru ni huu. Tangu FIFA 23, uliotoka mwaka 2022, mchezaji mwenye kompyuta na mchezaji mwenye PlayStation 5 waweza kukutana katika uwanja mmoja, kwa mpira mmoja, saa moja. Mwenye kompyuta halipi chochote cha kila mwezi kwa ajili ya kukutana huko. Mwenye konsoli hulipa. Lau fedha hiyo ingekuwa ya kuulea uwanja, wote wawili wangelipa. Kwa kuwa analipa mmoja tu, basi fedha ni ya lango alilopitia.

Hoja za upande wa pili

Isiwe nimeisikiliza kesi ya upande mmoja. Baada ya wiki mbili niliwapa wanafunzi mdahalo juu ya jambo hili, na wale waliotetea malipo walisema mambo yenye uzito.

Walisema kwanza kwamba kazi ipo. Seva hula umeme usiku na mchana. Wako watu wanaowafukuza wadanganyifu, na wanaowazuia watu wazima wenye nia mbaya wasiwafikie watoto. Kazi hiyo haionekani, kama isivyoonekana kazi ya mlinzi mpaka siku mwizi atakapokuja. Nakubali. Rahisi ghali, na cha bure chaweza kuwa ghali zaidi. Mwezi wa Aprili 2024 Nintendo ilifunga huduma ya kucheza kwa mbali katika mashine zake za zamani za 3DS na Wii U, ambazo hazikuwa na malipo. Mwenye kupewa bure hana pa kudai. Lakini hata malipo hayakuzuia kifo cha namna hiyo: mwezi wa Aprili 2010 Microsoft ilifunga huduma ile kwa wachezaji wa Xbox ya kwanza, ambao ndio waliokuwa wateja wake wa mwanzo wa kulipa.

Walisema pili kwamba mashine huuzwa kwa faida ndogo, na pengine bila faida, hivyo kampuni hulazimika kuirudisha gharama yake polepole. Jambo hilo si la aibu kama likisemwa waziwazi. Muuza vitambaa aweza kukukopesha kanga na ukamlipa kidogo kidogo, lakini wewe na yeye mnajua deni ni kiasi gani na litakwisha lini. Deni hili halina mwisho. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba chenyewe hakijulikani kimejaa lini, wala ni cha nani. Tena wengi hukatwa fedha kila mwezi, hata mwezi ambao hawakuishika pedi. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Walisema tatu kwamba anayelipa hupewa pia michezo mingine kila mwezi. Kweli hupewa, ingawa aghalabu huipoteza siku atakapoacha kulipa. Na mtu aliyekwenda dukani kutafuta chumvi hapendezwi kuambiwa kwamba chumvi haiuzwi ila pamoja na samaki, hata kama samaki ni mzuri.

Hoja ya nne ilitoka kwa binti wa Kirundi, na ndiyo iliyonisumbua kuliko zote. Alisema: "Hapa watu wanakosa unga. Mimi sioni kwa nini tumlilie mtu aliyekosa mchezo. Asicheze." Darasa likanyamaza.

Binti huyo ana haki. Mchezo si unga, na mwalimu anayelisahau hilo mbele ya watoto wa Dzaleka hafai kusikilizwa. Lakini nadhani hoja yake yajibu swali jingine. Anajibu kama mtu atumie fedha yake kwa mchezo, na sisi tunauliza kama anayeichukua fedha hiyo anaichukua kwa haki. Mkata mkaa akipunjwa, hatusemi kwamba kupunjwa kwake si kitu kwa kuwa jirani yake amekosa dawa. Zaidi ya hayo, kitu ambacho kwa mmoja ni anasa, kwa mwingine chaweza kuwa mahali pa mwisho palipobaki pa kukutana na nduguye. Bei haijui tofauti hiyo. Sisi twapaswa kuijua.

Hukumu

Baada ya kuyapima haya yote, naona kwamba jibu la haki si "walipe" tupu, wala si "wasilipe" tupu. Anayefanya kazi hustahili ujira, na mchezaji anayetaka seva zitunzwe na wadanganyifu wafukuzwe hana budi kuchangia. Lakini malipo hayo yatakuwa ya haki kwa masharti matatu.

Sharti la kwanza ni kwamba malipo yaandamane na matumizi, kama nauli. Mwezi usio na mchezo usiwe na malipo. Sharti la pili ni kwamba kazi inayolipiwa itajwe kwa jina na kiasi chake, ili mlipaji ajue kama fedha yake imekwenda kwenye seva, kwenye ulinzi, au kwenye faida. Sharti la tatu, na kwangu ndilo kubwa, ni kwamba kitu kilichokwisha kununuliwa kiendelee kufaa hata kwa yule asiyetaka kulipa zaidi. Ndugu wawili wenye mashine zao, diski zao na intaneti yao, waachiwe njia ya kuunganisha mashine hizo wao wenyewe, bila ya kumsumbua mtu na bila ya kumlipa mtu. Wakitaka uwanja wa kampuni, pamoja na taa zake na walinzi wake, hapo na walipe.

Kwa vipimo hivyo, malipo yalivyo sasa yana punje ya nauli na kibaba cha ushuru. Mwenye kibanda cha Dzaleka, ambaye hana wakili wala kitabu cha sheria, ametimiza masharti yote. Hutoza kwa mechi, si kwa mwezi. Anachokiuza kinaonekana: ni kiti, umeme, pedi na dakika. Na watoto wawili wakija na mpira wao wa makaratasi wakacheza nje ya kibanda chake, hawatozi kitu kwa kuwa wamekutana.

Mwisho wa habari

Katika likizo ya Desemba, kaka alinunua huko aliko malipo ya mwezi mmoja, akamtumia mdogo wake namba za siri kwa simu. Mwenye kibanda aliwakubalia wacheze usiku baada ya wateja kuondoka, kwa bei yake ile ile ya kila mechi. Nilikuwapo, na mama yao alikuja na kigoda chake akakaa nyuma.

Sitasema kwamba mchezo ulikuwa mzuri. Picha ilikuwa ikikwama. Mpira ulikuwa huku, mara ukaonekana kule. Mechi ya pili ilikatika kabisa, na mwenye kibanda akarudisha fedha yake, ingawa kampuni haikurudisha ya kwake. Kijana alifungwa mabao manne kwa moja. Sauti ya kaka ilikuja kwa kuchelewa, hivyo kila alipocheka, bao lilikuwa limekwisha sahauliwa upande wetu, nasi tukaanza kucheka upya. Mama hakuelewa kitu katika mchezo wenyewe. Alisema mara moja tu, "Mwulize kama amekula," na kijana akauliza, na jibu likaja likiwa limechelewa kama yale mengine.

Shule ilipofunguliwa, kijana aliniletea sentensi aliyokuwa akidaiwa tangu siku ile ya maneno ya malipo. Aliandika: "Yaya alilipa ushuru ili anifunge mabao manne." Nilitazama kama pana kosa la kusahihisha. Neno yaya nililiacha, kwa kuwa ni lake na la nyumbani kwao. Neno ushuru nilishika kalamu ya wino mwekundu juu yake kwa muda, kisha nikaliacha nalo.

Huenda walimu wenzangu wa Lilongwe, Dar es Salaam, Nairobi au Bujumbura wanaliona jambo hili kwa namna nyingine, au wanalo neno la malipo linalofaa zaidi kuliko yote niliyoyapima hapa. Kama wanalo, na waliandike. Kijana bado anasubiri, na mimi nimemwahidi kwamba majibu yatakapofika nitayasoma mbele ya darasa.